Shairi la mistari mitatu linatosha?

Tarehe 21 Machi ni Siku ya Ushairi Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999. Siku hiyo huangukia mwanzoni kabisa mwa majira ya machipuko kule Ulaya, Japani na Amerika Kaskazini, na huku magharibi mwa Kenya hutukuta tukitazama mawingu kujua kama mvua ndefu imeanza au bado. Ndiyo maana wiki hiyo simu hujaa vishairi vya mistari mitatu au minne: maua yanachanua, theluji inayeyuka, mpenzi ameondoka. Watu huvituma kwenye makundi ya WhatsApp, huvibandika kwenye status, na wengine huvichapisha katika programu za mazishi. Ubishi nao haukosi. Mwalimu wa Kiswahili Nakuru anauliza vina viko wapi. Mzazi Kisumu anashangaa mwanawe aliyezaliwa na kulelewa Nyalenda ameijulia wapi theluji. Na wapo wanaouliza swali la mzizi: mistari mitatu, hilo ni shairi au ni salamu?

Tuelewane kwanza kuhusu istilahi, kwa sababu nusu ya ubishi hutokana nazo. Mshororo ni mstari mmoja wa shairi. Mishororo ikikaa pamoja huwa ubeti. Mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo, na vina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande vya mishororo. Ubeti wa mishororo miwili ni tathnia, wa mitatu ni tathlitha, wa minne ni tarbia. Machipuko ni majira yanayofuata baridi kali katika nchi zilizo mbali na ikweta, kuanzia Machi hadi Mei kwa walio kaskazini, miti inapotoa majani mapya baada ya miezi ya kusimama mitupu. Na shairi fupi, katika makala haya, ni lile linalomaliza kazi yake ndani ya ubeti mmoja.

Sasa tazama: tathlitha moja ni mishororo mitatu. Anayesema mistari mitatu haiwezi kuwa shairi anapingana na mapokeo anayoyatetea. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ana mashairi mengi ya beti chache tu, na yalihifadhiwa vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya kukusanywa kwenye karatasi. Wala si Pwani peke yake. Katika sherehe za Kisumu, nyatiti au ohangla ikiwa imepamba moto, utamwona mtu anausimamisha muziki, anamtunza mwanamuziki pesa, kisha anajisifu au anamsifu rafiki yake kwa maneno machache yaliyopangwa, akijifananisha na mnyama, mti au ziwa. Wajaluo huyaita pakruok. Ni maneno ya pumzi moja, na umati hulipuka kwa shangwe kwa sababu umeyaelewa papo hapo.

Kuelewa papo hapo ndiko kunakolibeba shairi fupi, na linafanya kazi kama kuflashi. Simu inalia mara moja, inakatika. Hakuna neno lililosemwa, hakuna salio lililokatwa, lakini aliyepokea anajua: ni mama, amefika salama. Anajua kwa sababu namba anaifahamu na safari anaifahamu. Ukiflashiwa na namba ngeni, unabaki kuikodolea macho. Mtunzi wa shairi fupi naye hutaja kitu kimoja au viwili, akakata, akitegemea yale ambayo msomaji tayari anayo moyoni. Theluji inapata shida Nakuru kwa sababu hiyo. Haina ubaya wowote, ila kwa wengi wetu ni namba ngeni.

Majira hurudi, mtu harudi

Watu huuliza pia kwa nini mashairi haya mafupi yanachanganya mambo yale yale kila mara: machipuko, viumbe na mimea, mapenzi, kufiwa. Mchanganyiko huu una umri mkubwa. Kokinshū, mkusanyiko wa mashairi mafupi uliofanywa kwa amri ya mfalme wa Japani karibu mwaka 905, una vitabu 20. Viwili vya kwanza ni vya machipuko, vitano ni vya mapenzi, kimoja ni cha maombolezo. Miaka zaidi ya 1,100 iliyopita, mambo haya yalikuwa tayari yanakaa nyumba moja.

Sababu yake si ngumu. Mti uliopukutika majani hutoa mengine majira yakigeuka. Aliyezikwa haoti tena. Mtunzi akiyaweka mambo hayo mawili jirani, moja linalorudi na jingine lisilorudi, hahitaji kuongeza la tatu. Mapenzi huingia hapo hapo, kwa sababu hakuna anayempenda mtu hewani tu: tunampenda katika msimu fulani, kwenye njia fulani, harufu fulani ikiwa puani. Msimu ule ukirudi mwaka unaofuata, unakuja na kila kitu chake isipokuwa yule mtu. Furaha ya mvua mpya na uchungu wa kufiwa hukutana mlangoni pamoja, na shairi fupi ni hodari wa kulinasa tukio hilo kuliko utenzi wa beti mia.

Kobayashi Issa wa Japani alimzika binti yake mdogo, Sato, aliyekufa kwa ndui mwaka 1819. Shairi lake la msiba huo linakiri lile ambalo dini yake ya Kibuddha ilimfundisha, kwamba dunia hii ni umande tu. Linalirudia. Kisha linaishia kwa maneno yenye maana ya “na hata hivyo, na hata hivyo”. Hakuna chozi lililotajwa, wala kaburi, wala jina la mtoto. Fundisho anaona ni la kweli, lakini yeye ni baba, na fundisho halimtoshi. Nimesoma tanzia ndefu nyingi, na chache zilizofika hapo.

Machipuko yetu ni yapi?

Pale Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, kuna alama ya ikweta ambapo wasafiri hupiga picha. Alama hiyo inaeleza mengi kuhusu mashairi. London mwezi Desemba mchana hudumu chini ya saa 8. Mwezi Juni hupita saa 16. Machipuko ni ule wakati ambapo mwanga unarudi, ardhi inapata joto, na kila kilicholala kinaamka. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Jua halituachi, kwa hiyo hatuna siku ya kulipokea likirejea.

Kinachotuacha na kurudi ni mvua. Mvua ndefu huanza kwa kawaida Machi, hunyesha hadi Mei, na sehemu nyingi za magharibi huendelea nayo mpaka Agosti. Mvua fupi huja Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari vumbi hutanda, nyasi hugeuka rangi ya mkeka mkuukuu, ng'ombe hupelekwa mbali kutafuta maji. Kisha siku moja alasiri upepo unabadilika, na harufu ya udongo inafika kabla ya matone. Huo ndio mgeuko wa mwaka wetu. Mtu wa Bungoma au Molo anayeandika juu ya siku hiyo ameandika shairi la machipuko, hata kama hakutaja ua lolote.

Kuna ndege mmoja anayeunganisha pande zote mbili. Mbayuwayu wale wenye mkia wa panda, wanaopanga foleni kwenye nyaya za umeme Nakuru, wengi wao ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Hufika kuanzia Septemba na Oktoba, na ifikapo Machi na Aprili huondoka kurudi kuzaa makwao. Washairi wa Ulaya wameusifu ujio wao kwa karne nyingi kama dalili ya machipuko. Lakini ili wafike huko, lazima waondoke hapa. Ndege yule yule, wiki zile zile, ni karibu kwa mmoja na kwaheri kwa mwingine. Sijui kwa nini watunzi wetu hawajaishika nafasi hii kwa mikono miwili: shairi la machipuko kutoka Nakuru linaweza kuwa shairi la nyaya zilizobaki tupu, na likawa la kweli kabisa.

Wajapani wana utaratibu mzuri wa kuiga hapa. Katika haiku, aina yao ya shairi fupi inayojulikana zaidi, mtunzi huweka neno moja la msimu, na yapo makamusi yanayoyaorodhesha maneno hayo kwa majira. Chura ni machipuko. Mwezi, ukitajwa bila kuelezwa zaidi, ni majira ya majani kupukutika. Neno moja linabeba hali ya hewa, mwanga na kumbukumbu za taifa zima, mtunzi asilazimike kueleza. Orodha yetu nayo ingejaa haraka: kumbikumbi, jembe linalonolewa, mahindi yaliyofika magotini, mvua ya mawe kwenye majani chai ya Kericho na Nandi, gugumaji lililosukumwa na upepo hadi Dunga, maua ya zambarau ya mjakaranda yaliyotandazwa barabarani mwezi Oktoba. Mjakaranda wenyewe asili yake ni Amerika Kusini. Haidhuru, umeshakaa nasi vya kutosha.

Ile hesabu ya silabi 17

Hapa ndipo upotoshaji umezagaa zaidi. Watu wanaambiwa haiku ni silabi 17 zilizogawanywa 5, 7 na 5, na ukizifikisha umemaliza. Hesabu hiyo ni ya kweli kwa Kijapani, ila wanachohesabu Wajapani si silabi kama tunavyozijua. Irabu ndefu kwao huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo jina la mji wao mkuu, Tokyo, ni vipimo vinne.

Kiswahili kina mambo yake. “Mvua” ni mizani tatu, m-vu-a, lakini “mbegu” ni mbili, kwa kuwa “mb” hutamkwa pamoja. Zaidi ya hayo, vitenzi vyetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. “Ninakukumbuka” peke yake ni mizani sita: imeshaupita mshororo wa kwanza wa haiku kabla hujapumua. Anayetaka kutunga 5-7-5 kwa Kiswahili ataona haraka kwamba hana nafasi ya vitenzi virefu. Atategemea majina ya vitu. Na kwa maoni yangu hiyo ni baraka, kwa sababu vitu ndivyo vinavyofanya kazi.

Tulione hilo kwa karibu. Hiki hapa ni kishairi cha aina inayosambazwa sana, nimekitunga kwa mfano:

*Nina majonzi,*
*uliniacha pweke,*
*siwezi lala.*

Hesabu: tano, saba, tano. Hakuna kosa. Lakini kinaweza kuwa cha yeyote, popote, kuhusu lolote, na msomaji hana mahali pa kusimama. Kimetangaza majonzi na kuyafunga hapo hapo.

Sasa fikiria usiku wa mvua ya kwanza kubwa. Kumbikumbi hutoka kichuguuni kwa maelfu, madume na majike wenye mbawa, wakifuata taa. Wakitua huzidondosha mbawa zao, hutafutana wawili wawili, na wachache wenye bahati huchimba ardhini kuanza kichuguu kipya. Waliobaki huliwa na ndege, kuku na sisi. Asubuhi veranda imejaa mbawa tupu, nyepesi, zinazokimbia ufagio. Ni usiku wa harusi na wa maangamizi kwa pamoja, na kila mtoto wa Kakamega, Siaya au Kitale anaujua. Jaribu basi:

*Chini ya taa*
*mbawa za kumbikumbi;*
*viatu vyake.*

Tano, saba, tano tena. Neno “majonzi” halimo. Mvua haikutajwa, lakini kumbikumbi wameshaileta. Kuna mbawa zilizovuliwa na kuachwa, na kuna viatu vilivyovuliwa na kuachwa. Ni vya nani? Mume aliyefariki, binti aliyehama, mpenzi aliyeondoka usiku? Shairi halisemi, na kila msomaji atawaona wake. Nusu koloni ile imefanya kazi ambayo Wajapani huyapa maneno maalum ya kukata: inatenganisha picha mbili ili msomaji aruke mwenyewe kutoka moja hadi nyingine.

Jina “haiku” lenyewe lilienezwa na Masaoka Shiki mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake, vipande hivyo vilijulikana zaidi kama ubeti wa kufungulia mashairi marefu ya kupokezana. Kwa hiyo hata huko hakikushuka kutoka mbinguni kikiwa tayari. Watu walikikata na kukipa uhuru wake.

Na vina je?

Mwalimu wetu wa Nakuru bado anasubiri jibu. Asidhani kwamba shairi fupi lazima liwe la Kijapani. Mambo yale yale ya masika na kufiwa yanakaa vizuri ndani ya tathlitha yenye mizani 16 kwa mshororo, nane kila kipande, na vina vya kati na vya mwisho:

*Mvua yaja shambani, mahindi yamechipuka,*
*Jembe lako ukutani, kutu imeshalishika,*
*Nalitazama jioni, nalipangusa, naweka.*

Vina vya kati ni “ni”, vya mwisho ni “ka”. Sheria za mapokeo zimetimia, na bado kitu kinachosema ni jembe. Mkulima aliyefiwa anapangusa kutu kisha analirudisha jembe mahali pake. Angelitumia, shairi lingekuwa la kupona. Angelitupa, lingekuwa la hasira. Analipangusa, analiweka, kwa kuwa bado hajajua afanye nini, na waliofiwa wengi wanaujua mwezi huo.

Mzozo wa vina uliwahi kuwagawa wataalamu wenyewe. Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha *Kichomi*, diwani isiyofuata vina wala mizani za kimapokeo, na hoja zikarushwa kwa miaka mingi. Leo shule za sekondari Kenya hufundisha mashairi ya arudhi, yaani yale yanayofuata sheria za vina na mizani, na mashairi huru pia, kwa hiyo mwanafunzi haadhibiwi kwa kukosa vina ikiwa shairi lake linajitambua kuwa huru. Linaloadhibiwa, na kwa haki, ni shairi lililoanza na vina likavitupa njiani kwa uvivu.

Shairi huru likiwa fupi hudai umakini zaidi, kwa kuwa halina mdundo wa vina wa kulisaidia kutembea. Mapenzi ndiyo yanayoliponza mara nyingi. Mtunzi anaandika “nakupenda kuliko maisha yangu” na msomaji anapita. Mtaje mtu mahali alipo:

*Umeshuka Kondele.*
*Hadi Mamboleo*
*bega langu lina joto.*

Anayejua matatu za kutoka mjini Kisumu anajua umbali huo ni mfupi, na anajua abiria hubanwa bega kwa bega. Joto litadumu kwa mwendo huo tu. Penzi limepimwa kwa steji mbili, na neno “mapenzi” halikuhitajika. Asiyeijua Kisumu atakosa kidogo, ni kweli, lakini afadhali akose kidogo kuliko wote kupewa maneno yasiyo na mwenyewe.

Kanuni hiyo hiyo inahusu kupotelewa na mazingira, jambo ambalo watu wa Nakuru wanalo mbele ya macho yao. Maji ya Ziwa Nakuru yameongezeka sana tangu miaka ya mwanzo ya 2010. Chumvi ilipungua, vimea vidogo vya majini ambavyo flamingo hula vikapungua pamoja nayo, na makundi makubwa ya ndege hao yakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa na maji. Wanafunzi wakipewa mada hiyo huandika “mazingira yameharibika, tuyatunze”. Hilo ni tangazo. Lakini lango lililo chini ya maji, ambalo watu waliwahi kupanga foleni kulipa kiingilio, lina shairi ndani yake. Aliyelipita akiwa mtoto anaweza kuliandika kwa mishororo miwili.

Nimalizie na programu za mazishi, kwa kuwa huko ndiko Wakenya wengi hukutana na shairi fupi mara nyingi zaidi, na huko ndiko linakotendewa vibaya. Kamati hunakili ubeti kutoka intaneti, mara nyingi wenye machipuko, malaika na bustani, na ubeti ule ule ulishamzika jirani mwezi uliopita. Familia inaweza kujitungia wake kwa jioni moja. Mkae pamoja, kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho marehemu alikishika kila siku: kikapu cha omena, baiskeli ya kupelekea maziwa, miwani iliyofungwa kwa uzi. Chagueni kimoja. Kiwekeni karibu na jambo moja la msimu huu wa sasa, mvua au kiangazi, chochote kinachoonekana nje ya boma. Ondoeni maneno “huzuni”, “pengo” na “majonzi”, kisha msome kwa sauti mtazame kama ubeti bado umesimama. Ukiyumba, badilisheni kitu, si maneno. Kama kuna mwenye sikio la vina, avitie. Kama hayupo, acheni huru. Nafasi haitawasumbua, tathlitha inaenea chini ya picha bila kubana ratiba. Na siku yenyewe mwambieni msomaji ausome mara mbili, akituama katikati, kwa sababu mara ya kwanza watu walio kwenye mahema bado wanatafuta ukurasa.